Kwa mwanangu, kuhusu Subaru iliyosimama uani

Raskazone, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, nimeisoma, kisha mama yako naye akaisoma na kunirudishia bila kusema neno, nawe unamjua mama yako. Unauliza kama utajuta ukimuuzia Subaru yule kijana wa Arusha, kwa kuwa mtoto amezaliwa, mumeo anataka gari la juu linaloweza barabara za vumbi, na mshahara hautoshi kuyahudumia magari mawili. Kuhusu majuto sina la kukuambia, maana hayo hayaonekani mpaka yamekwisha kufika. Ninaloweza kukueleza ni hali ya gari lenyewe, ambalo tangu uhamishiwe Dodoma limesimama uani kwangu chini ya mwarobaini.

Uliniomba niliwashe kila Jumamosi, nami ninaliwasha. Lakini injini inayonguruma dakika chache bila kwenda popote haipati joto la kutosha kukausha unyevu ulioingia katika oili na katika bomba la moshi, na hapa tulipo upepo wa bahari hauachi chuma kikiwa salama. Juzi nililisogeza kidogo, breki zikagoma kwanza kwa kutu ndipo magurudumu yakaachia. Gari huhifadhiwa kwa kuendeshwa. Nimekuambia hayo tangu ulipokuwa mdogo, na leo nakuambia tena.

Usidhani sielewi unachokipenda. Ni Impreza WRX STI ya mwaka 2001, ile Subaru ya mbio, yenye ile injini ya EJ20 ambayo pistoni zake zimelala ubavu na kukabiliana, mbili huku na mbili huko, na mabomba yake ya moshi hayalingani urefu, ndiyo maana inanguruma kwa mkato namna ile ambayo watoto wa mtaa waliitambua kabla haijakata kona. Siku ulipoileta nyumbani tukaenda nayo Muheza, na tulipoipita Pongwe nilishindwa kuzuia kicheko. Ulitaka kujua ninacheka nini. Nilikuwa nimemkumbuka babu yako.

Babu yako alinunua ile Peugeot 404 kwa sababu ya mtu mmoja tu, Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiendesha gari la aina hiyo hiyo. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6 na gia zilibadilishwa kwa mkono uliokaa shingoni mwa usukani, na yule karani wa bandari aliyeshinda akihesabu marobota ya mkonge, jioni akishika usukani ule, alikuwa mtu mwingine kabisa. Ikaja Vita ya Kagera, na baada yake uhaba wa mafuta na wa fedha za kigeni, hata serikali ikakataza magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Spea zikatoweka madukani. Giaboksi ilipokufa, babu yako alilipandisha gari juu ya mawe nyuma ya nyumba ya Ngamiani, akalifunika turubai, akasema litasubiri.

Alikuja mfanyabiashara wa machungwa kutoka Muheza, mwenye 404 ya mizigo ambayo injini yake ilikuwa imekufa, akataka kulinunua kwa fedha aliyoishika mkononi. Alikataliwa, akarudi, akakataliwa tena. Babu yako alimjibu kwamba gari la Shankland halitabeba machungwa. Nilikuwepo, nimeshika birika la chai ya mgeni, na hadi leo nikipita Muheza katika msimu wa machungwa jibu lile hunichoma. Yule bwana hakukasirika. Aliomba tu aruhusiwe kulifunua turubai, akalizunguka gari, akaligusa boneti, akashukuru, akaenda zake. Miaka ikapita, magari ya Kijapani yakaanza kushushwa kwa wingi, na wa kuitaka 404 hakuwepo tena. Mwishowe walikuja watu wa chuma chakavu na misumeno yao, wakakuta sakafu imeliwa na kutu hata mguu unapita hadi ardhini. Babu yako aliondoka kwenda msikitini siku hiyo mapema mno, adhana ya adhuhuri ikiwa bado mbali.

Hata hivyo simhukumu sana. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akiingia chini ya turubai na kuketi kwenye kiti cha dereva, na shangazi yako husema kwamba katika miaka ile hapakuwa na mahali pengine alipopata raha. Huenda gari lile lilimfaa hata likiwa limesimama. Nikifika hapo najiambia, basi, mwache binti yako naye awe na kitu chake. Kisha namkumbuka yule mtu wa Muheza, ambaye angeliendesha, na moyo wangu unageuka tena.

Ujue pia kwamba ukiliuza, kupata jingine hakutakuwa rahisi. Mwaka 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitatengeneza STI ya petroli kutokana na WRX mpya, na zile za zamani ukiziagiza kutoka Japani hutozwa ushuru wa uchakavu. Ukiamua kubaki nalo, basi liondoke hapa liende Dodoma, kwenye hewa kavu. Libadilishwe mkanda wa taimingi kabla ya safari, kwa kuwa ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini hufumuliwa yote. Litiwe petroli nzuri, maana injini ile iliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, na ikipewa iliyo dhaifu huanza kugonga ndani ya silinda. Tena lina milango minne, na kiti cha mtoto kitaenea nyuma.

Mama yako ananiuliza kwa nini sikupi jawabu moja kwa moja, wakati yeye analijua. Ni kweli ninalo, na nililiandika katika karatasi nyingine nikaichana, kwa sababu fedha ya gari lile uliitafuta wewe, na wewe ndiye utakayeishi na uamuzi huo. Nakuomba jambo moja tu. Yule kijana, kabla hujapokea senti yake, aje hapa. Nitampa funguo niende naye hadi Muheza na kurudi, nimwone kama anasubiri oili ipate moto kabla ya kukanyaga mafuta, na kama anaiachia turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ipoe kabla ya kuzima, kisha nimuulize atalilaza wapi na atalitumia kwa safari zipi. Nitakuandikia majibu yake. Na huo mkanda nitamwita fundi autazame wiki hii, hata kama utauza, usije ukamkatikia njiani mtoto wa watu.

Msalimie mkwe wangu, na unibusie mjukuu.

Baba yako