Waya ni wa meno ya nguru, si wa kujaza rili

Juzi usiku kijana mmoja mvuvi wa kisiwa cha Mafia aliniandikia: "Shikamoo kapteni. Nimenunua waya mita 300 nijaze rili nzima, nikarambaze nje ya mwamba, chambo nikikivuta nyuma ya boti. Nimeona video za Wamarekani wanafanya hivyo. Naufungaje?" Nikamjibu palepale: marahaba mdogo wangu, usiufunge. Kisha nikakaa hadi saa saba usiku namwandikia sababu, na nilipomaliza nikaona maneno yale si ya kwake peke yake.

Mimi ni mtu wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Ukishaiacha Kisite, kisiwa kilicho mbele yetu, nyuma yako uko kwenye Mkondo wa Pemba, na chini ya boti kunadidimia mamia ya mita. Huko ndiko nilikokulia kikazi, miaka kumi na tisa sasa. Nilianza kwa kuosha boti na kushona chuchunge, samaki wadogo wa chambo, kwenye ndoana, nikawa baharia, leo nashika usukani. Najua watu wengi mnaonisoma mnataka kufika hapo hapo, ndiyo maana nawaeleza na yale yaliyoniuma.

Mwaka wangu wa pili wa ubaharia, mwenye boti niliyemfanyia kazi alikuja na uzi wa kusuka. Ulikuwa mgeni kwetu. Mwembamba ajabu: uzi unaohimili mvuto wa pauni 80 unene wake unakaribia nailoni ya pauni 20, kwa hiyo rili ile ile iliyokuwa inalia njaa sasa inabeba mita nyingi maradufu na zaidi. Akaamuru tujaze rili zote, tufunge uzi moja kwa moja kwenye chambo. Mimi ndiye niliyefunga. Asubuhi ya kwanza tulipigwa mara tatu. Rili inalia, fimbo inainama, mgeni aliyekodi boti anaruka kitini, halafu kimya. Ukivuta, uzi unakuja mtupu, ncha yake imekatwa sawasawa kama kwa wembe. Kama hujawahi kulifunua domo la nguru, lifunue siku moja. Meno yake ni bapa, ya pembetatu, yamepangwa mstari mmoja kama msumeno. Uzi wa kusuka ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ukiguswa na jino hilo nao umevutwa ukakaza, hausubiri.

Basi nikaenda upande wa pili kabisa. Nikafunga tresi za waya, yaani vipande vya mwisho vinavyoshika ndoana, za mita mbili kwa kila fimbo, bila kubagua. Nguru wakaanza kuingia botini, nami nikajiona fundi. Ikafika mwezi wa tisa, upepo wa kusi umelegea, jodari wanachemsha maji pande zote na ndege juu yao. Boti ya jirani inapandisha jodari wa tatu, sisi hata kuguswa hatujaguswa. Jodari ana macho makali sana na maji ya mkondo wetu ni maangavu. Waya wa mita mbili mbele ya chambo anauona.

Lakini siku iliyonivunja ni nyingine. Asubuhi nilipokuwa napanga vifaa niliona kwenye tresi moja mkunjo mdogo, kama punje ya mchele. Nikaunyoosha kwa koleo nikaurudisha majini. Waya wa uzi mmoja ukishapinda pembe umekwisha, hata ukiunyoosha ukawa kama mpya. Sikujua. Mchana nguru mkubwa akashika, wa kilo ishirini na kitu, mgeni akapigana naye hadi akafika ubavuni mwa boti. Nikaushika waya kwa glavu, mwenzangu akanyanyua kulabu, na tresi ikakatika pale pale penye mkunjo. Niliona jicho lake, kisha mgongo, kisha maji. Mwenye boti akanigeukia mbele ya wageni akasema kazi hii haitaki watu wa kubahatisha. Wiki iliyofuata sikuitwa kazini. Alikuwa na haki kuhusu waya. Kuhusu kunivua nguo mbele za watu, mpaka leo sijaona haki yake, na mabaharia wangu sijawahi kuwatendea hivyo.

Miezi niliyokaa nyumbani ndiyo iliyonisomesha. Nilifunga na kufungua mafundo barazani hadi vidole vikaota sugu. Nilichotoka nacho ni hiki, na sijakibadilisha: uzi wa kusuka tumboni mwa rili, nailoni mbele yake, waya mwishoni tena mfupi. Kwanza zungusha nailoni kidogo chini kabisa kwenye bobini, gurudumu la rili linalobeba mshipi, maana uzi wa kusuka ukikaa peke yake unateleza wote kwa pamoja, na utadhani breki imeharibika. Kisha uzi wenyewe. Mbele yake nailoni ya mita ishirini hivi, kwa sababu uzi wa kusuka karibu haunyumbuki kabisa, na samaki akipiga kwa nguvu ndoana inachana mdomo. Nailoni ndiyo inayonyumbuka. Na breki ilegeze kuliko ulivyozoea. Waya uweke pale tu unapotafuta wenye meno, nguru au mzia, nao usizidi nusu mita. Waya wa unene wa namba 8 unatosha. Ukitafuta jodari, ondoa waya kabisa. Nasema tena: kabisa.

Sasa, hao Wamarekani. Ni kweli wapo wanaojaza waya kwenye rili, hasa pwani ya kaskazini mashariki ya nchi yao. Wanakwenda polepole kwenye maji ya kina kifupi, na hesabu yao ni kwamba kila futi 10 za waya huzamisha chambo futi 1 hivi. Pale una maana. Sisi tunarambaza kwa mwendo wa noti sita, saba, nane, yaani maili hizo za baharini kwa saa. Kwa mwendo huo waya unanyanyuliwa na maji, na faida uliyoinunua imepotea. Isitoshe unachimba mifereji kwenye pete za fimbo, na ukilegea mara moja tu unajikunja. Ukitaka chambo kizame, tumia chubwi, kile kizito cha kuzamishia. Hata kanuni za IGFA, shirika linaloandikisha rekodi za dunia, zinakataa mshipi mzima wa waya. Kwenye tresi zinauruhusu.

Mwezi uliopita mgeni wetu alipandisha jodari wa kilo 52. Samaki alipopiga aliondoka na zaidi ya mita 300 bila kupumua, na bobini ilikuwa bado ina akiba. Kwa nailoni tupu kwenye rili ile tungemaliza mshipi. Fundo lile la uzi na nailoni nililifunga mimi, barazani kwangu, usiku wa kuamkia safari, na lilipopita kwenye pete za fimbo likirudi nilihisi kifua kinafunguka.

Vijana, fungeni wenyewe. Msinunue tresi zilizofungwa mkazitia majini bila kuzipitisha vidoleni. Kila asubuhi pitisha kidole waya wote, ukikuta mkunjo tupa. Bei ya kipande cha waya si kitu mbele ya samaki, na mbele ya jina lako. Na uzi wa kusuka usiushike kwa mkono mtupu samaki akiwa anakimbia. Mwenzangu mmoja aliufunga kiganjani mara moja tu, na kovu lake linaonekana hadi kwenye mfupa wa kidole.

Kijana wa Mafia amenijibu leo asubuhi: na huu waya niliokwisha kununua? Ukate. Mita 300 ni tresi mia sita za nusu mita. Ukifunga, hakikisha nyaya zote mbili, ule mrefu na ncha yake uliyoikunja, zinazungukana, kama X, mara tano au sita; mmoja ukibaki umenyooka na mwingine ukauzunguka, fundo litateleza. Kisha mizunguko minne iliyobanana. Ncha inayobaki usiikate kwa koleo, itabaki kali kama kisu kitakachochana mkono wa baharia wako. Ipinde kama mpini, uizungushe taratibu mpaka ivunjike yenyewe, halafu pitisha kidole gumba pale. Kisikwaruze.