Maswali ya Wasomaji: Sabuni Huuvunjaje Utando wa Seli?

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Kwa muda mrefu tumetumia Triton X-100, sabuni ya maabara, kupasulia seli, lakini nimesoma kwamba Umoja wa Ulaya umeiwekea vizuizi. Je, kemikali hii huufanya nini hasa utando wa seli? Na nikinunua sabuni iliyoandikwa "asilia", nitakuwa nimeondoa tatizo?

Jibu: Ndugu mwalimu, nianze na utando wenyewe, kwa kuwa jibu la swali lako la pili limo ndani ya lile la kwanza.

Utando wa seli una unene wa nanomita 5 hivi, nao umeundwa kwa safu mbili za fosfolipidi, yaani lipidi (molekuli za mafuta) zenye kichwa na mikia, zilizoelekezeana mikia ndani, huku vichwa vinavyopenda maji vikibaki nje. Molekuli hizi hazikuunganishwa kwa vifungo vya kikemia. Zinakaa pamoja kwa sababu mikia yake ya mafuta inayakimbia maji. Ndiyo maana sabuni huweza kuubomoa utando bila kukata kifungo hata kimoja: inajipenyeza tu katikati ya molekuli hizo na kuipa mikia hiyo maficho mengine.

Siri kubwa iko kwenye umbo. Fosfolipidi ina mikia miwili, kwa hiyo upana wa mikia unakaribia upana wa kichwa, na molekuli nyingi zikipangwa hutandaza ukuta ulionyooka. Molekuli ya sabuni kwa kawaida ina mkia mmoja chini ya kichwa kipana, mfano wa tofali lililochongwa upande mmoja, na ukuta wa matofali ya namna hiyo hauna budi kupinda. Sabuni ikiwa chache, utando huimeza na kuvumilia. Ikizidi, utando hushiba, kingo zake hupinda, na vipande huanza kumeguka vikiwa miseli, yaani vifundo vidogo vilivyochanganya lipidi na sabuni. Ikizidi zaidi, hakuna utando unaobaki. Triton X-100 hufanya kazi hii upesi kwa sababu kichwa chake hakina chaji ya umeme, hivyo huvuka kutoka safu ya nje hadi ya ndani kwa urahisi, ilhali sodiamu dodesili salfeti, sabuni nyingine yenye kichwa chenye chaji, huchelewa kuvuka.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Seli nyekundu za damu zikielea katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9, neli ya majaribio huwa na ukungu mwekundu, na maandishi yaliyowekwa nyuma yake hayasomeki. Sabuni ikitosha, ukungu hutoweka, kimiminika kinabaki chekundu lakini angavu, na maandishi yanasomeka. Ningependa kila mwanafunzi aone badiliko hilo angalau mara moja.

Sasa, kosa la Triton X-100 halimo katika ukali wake, bali katika kinachobaki baada ya kazi. Ikioza kwa sehemu hutoa oktilifenoli, ambayo huiga homoni ya estrojeni katika miili ya samaki na viumbe wengine wa majini. Kwa sababu hiyo, tangu Januari 4, 2021, matumizi yake katika Umoja wa Ulaya yanahitaji idhini maalumu, ingawa utafiti wa kisayansi unaotumia kiasi kidogo umesamehewa. Dunia ilikwisha kuonywa mapema: sabuni za miaka ya 1950 zilikuwa na mikia yenye matawi ambayo bakteria walishindwa kuitafuna, mito ikajaa povu, na katika miaka ya 1960 viwanda vikalazimika kuhamia mikia iliyonyooka.

Kwa hiyo neno "asilia" peke yake halitoshi. Saponini, yaani sabuni zinazotengenezwa na mimea yenyewe, ni asilia kabisa, lakini zinaua samaki kwa kuharibu matamvua yao, kwa kuwa nayo yamefunikwa na utando uleule wa lipidi. Sabuni yoyote inayopasua seli ina uwezo huo; la kuuliza ni je, itaoza upesi kiasi gani, na itaacha nini?

Kwa kipimo hicho, ninazipendelea glukosidi za alkili, zinazotengenezwa kwa glukosi na alkoholi za mafuta ya mimea, na ambazo bakteria huzioza vizuri. Soforolipidi, sabuni zinazotolewa na hamira iitwayo *Starmerella bombicola*, nazo zinatia matumaini. Ila usibadilishe tone kwa tone. Triton X-100 huanza kuunda miseli ikifika takriban milimola 0.2 kwa lita, na oktili glukosidi, mojawapo ya glukosidi za alkili, huhitaji takriban 20, yaani mara mia moja. Mtu asiyejua hilo huiona mbadala hafifu, akairudia ya zamani bure. Anza na kiasi kidogo, ongeza hatua kwa hatua, na uandike kiasi kilichofanya maandishi nyuma ya neli yasomeke.

Triton iliyobaki kabatini usiimwage kwenye sinki. Iweke katika chombo chenye lebo, pamoja na maji ya majaribio yaliyoitumia, na uikabidhi kwa wanaoshughulikia taka za kemikali.