Python: kulinganisha sentensi mbili kwa maneno yake

Mkuu, umeuliza kwa nini `==` inasema sentensi mbili zenye maneno yaleyale si sawa. `==` haijakosea. Inalinganisha herufi kwa herufi, kwa hiyo "Mvua imenyesha." na "mvua imenyesha" kwake ni vitu viwili: M kubwa na nukta vyote vinahesabika. Ukitaka maneno ndiyo yalinganishwe, safisha na kukata kwanza. Makosa mengi hutokea hapo, si kwenye kulinganisha kwenyewe.

`split(" ")` iepuke: penye nafasi mbili inakuletea neno tupu. `split()` yenye mabano matupu inameza nafasi zote, tabu na mistari mipya, ila "leo." itabaki tofauti na "leo". Ndiyo maana wengi hukimbilia `\w+` (mchoro wa regex unaookota mfululizo wa herufi na tarakimu), na Kiswahili kinaumia: ng'ombe anakatwa kuwa "ng" na "ombe". Tumia hii:

```
import re

def maneno(s):
    s = s.casefold().replace("’", "'")
    return re.findall(r"\w+(?:'\w+)*", s)
```

Hiyo `replace` usiiache. Simu na programu za kuandikia mara nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’, yaani U+2019). Kwa macho neno ni lile lile, kwa Python silo.

Sasa amua "sawa" kwako ni nini. Mpangilio ukiwa na maana, `maneno(a) == maneno(b)` inatosha. Usipokuwa na maana, tumia `Counter` ya `collections`, inayohesabu kila neno limetokea mara ngapi: `Counter(maneno(a)) == Counter(maneno(b))`. Usiweke `set` hapo, maana inafuta marudio, na "pole pole" itatoka sawa na "pole".

Kama shida yako ni kiwango cha kufanana, hapo `set` inafaa: gawanya idadi ya maneno ya pamoja kwa idadi ya maneno yote yasiyojirudia. "Mvua imenyesha leo asubuhi" na "Leo mvua imenyesha sana" zina 3 ya pamoja kati ya 5, yaani 0.6. Kipimo kingine cha Python, `difflib.SequenceMatcher(None, maneno(a), maneno(b)).ratio()`, kinatoa 0.5 kwa sentensi hizohizo, kwa sababu kinajali mpangilio na "leo" imehama. Kipe orodha ya maneno, ukikipa stringi (maandishi yenyewe) kinarudi kulinganisha herufi. Orodha ya pili ikifika maneno 200, ongeza `autojunk=False`, la sivyo maneno yanayojirudia sana, kama "na" na "ya", huachwa wakati wa kutafuta mfanano, na kiwango kinaweza kushuka bila sababu ya maana.

Na kabla ya kugawanya, kagua stringi tupu: zote mbili zikiwa tupu unapata `ZeroDivisionError`, wakati `ratio()` inakurudishia 1.0.