Maswali ya Wasomaji: Daka la Nyumba ya Mwenzio

SWALI: Assalaam aleikum, Mshauri. Mimi ni fundi wa nakshi, natengeneza masanduku na viti vya enzi hapa Langoni, Lamu. Kwa miaka saba mwanangu amekuwa akiweka picha za kazi zetu katika ukurasa wa mtandao mmoja wa kijamii, na wateja wa Nairobi na wa ng'ambo walitupata huko. Mwezi uliopita aliletewa ujumbe uliodai kwamba ukurasa wetu ungefungwa kwa kukiuka kanuni. Alibofya kiungo, akaandika nywila, na tangu siku hiyo hatuwezi kuingia. Jina letu lingali juu, lakini chini yake wanauza simu. Mwanangu ataka kufungua ukurasa mpya; kijana mwingine ataka nimlipe anitengenezee tovuti, ingawa nasikia tovuti zimepitwa na wakati. Nifuate lipi, na nikitengeneza tovuti niipe jina gani?
Fundi, Langoni

JIBU: Wa aleikum salaam, Fundi, na pole sana. Nianze na la haraka. Mwanao atumie simu ile ile aliyozoea kuingilia ukurasani, aombe kurejeshewa akaunti kupitia sehemu ya msaada ya mtandao wenyewe, kisha awapigie wateja mmoja mmoja kuwaonya wasitume hata shilingi kwa maelekezo yatokayo kwenye ukurasa ule. Akitokea mtu wa kuahidi kuukomboa kwa malipo, msimpe kitu, kwani wengi wa hao ni wezi wa awamu ya pili.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Wewe ni mtu wa Lamu, hivyo huna haja ya kuelezwa kazi ya daka, ule ukumbi wa mlangoni. Mgeni huketi kwenye baraza zake za mawe, akasalimiwa, akapewa kahawa, na biashara ikaanzia hapo. Lakini sijaona nyumba ambamo vito vya mama huwekwa dakani, wakati ndani kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mtandao wa kijamii ni daka, tena la nyumba ya mwenzio. Kuketi pale kulikuwa na faida, na mwanao alifanya vyema kuketi, ila mlihamishia pale na vitu vya ndani: picha za miaka saba, maelewano ya bei, majina ya wateja.

Na hatari haiji kwa wezi peke yao. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita, kwa sababu agizo moja lililotolewa wakati wa matengenezo liliwakatia wahandisi wa kampuni hiyo mtandao wao wenyewe wa ndani. Instagram ilinunuliwa na Facebook mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, kwa hiyo mfanyabiashara aliyedhani ana milango mitatu aligundua jioni ile kwamba ufunguo ulikuwa mmoja. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, nayo ilifungiwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Hata siku za salama, si kila anayekufuata huiona picha yako, maana programu ndiyo huchagua nani aonyeshwe nini.

Anayesema tovuti zimepitwa na wakati huwa anafikiria zile za zamani zenye maandishi yanayomemeteka, na kwa hizo simlaumu. Lakini tangu mwaka 1993, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ilipoitoa teknolojia ya wavuti itumiwe na yeyote bila malipo, hakuna kampuni moja inayoimiliki, na tovuti yako ikikosana na seva moja, yaani kompyuta inayoihifadhi, unaihamishia kwenye nyingine pamoja na jina lake.

Jina hilo ndilo la kulinda kuliko rangi na mapambo atakayokuonyesha kijana. Nakiri kosa langu hapa. Nilipoanza kazi hii ya tovuti huko Malindi, nilisajili jina la nyumba ya wageni ya mteja kwa barua pepe yangu, nikidhani namrahisishia. Baadaye nikaacha kuitumia anwani ile, na ilani za kulipia jina zikawa zinaingia mahali ambapo hapana mtu. Siku moja mzee yule akapanda ngazi za ofisi yangu akihema, akaniwekea simu mezani bila kusema neno. Tovuti yake ilikuwa haifunguki. Tulilipata jina, lakini kwa siku kadhaa sikuweza kumtazama machoni. Basi jina linaloishia na .co.ke, lililo chini ya usimamizi wa KENIC, msimamizi wa majina ya mtandao ya Kenya, lisajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako, yenye uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na hakikisho la pili, kama namba ya siri kwenye simu), na malipo ya kila mwaka uyaandike kwenye daftari la duka.

Tovuti yenyewe iwe ya ukurasa mmoja au miwili. Picha ya simu huweza kufika megabaiti nne, na mteja anayehesabu bando hataingoja. Ipunguzwe ifike kilobaiti mia mbili hivi. Usilipige picha sanduku kwa mbele tu. Piga pembe, mbao za mbambakofi zinapoumana, misumari ya shaba ikiwa karibu, na mkono wako pembeni ili ukubwa uonekane. Picha halisi zibaki kwenye diski mbili, moja isikae dukani. Orodha ya wateja iwe kwako, lakini waombe ruhusa kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye patasi.

Mwanao naye afungue ukurasa mpya, nami namuunga mkono. Kila picha atakayoiweka huko iwe na anwani ya tovuti yenu.

Ama jina gani, usitie vistari wala tahajia za kujivuna. Nenda gatini asubuhi mashua zinaposhusha abiria, mtajie mtu usiyemjua jina hilo mara moja katika zile kelele, umwombe aliandike. Akikosea, tafuta jingine.