Kabla hujasema springi zimechoka

Wiki hii pikapu iliyonyanyuliwa nyuma imeingia gereji na lile lalamiko tunalolijua: ikiwa na mzigo, ikipita tuta, nyuma inagota hadi dereva anaisikia kwenye uti wa mgongo. Injini ilikuwa haijazimwa, na vijana wangu watatu walikuwa wameshatoa hukumu tatu. Mmoja alisema springi zimechoka, tuongeze majani, yale mabamba ya chuma yanayopangwa kuwa springi. Wa pili alisema shokapu zimekufa. Wa tatu alimgeukia mwenye gari na kumwambia anapakia mno. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinama kutazama chini.

Hilo la tatu ndilo lililoniuma zaidi, na nitaeleza kwa nini. Nawaandikia nyinyi wapya mnaojua spana na majina ya vifaa, lakini bado mnafungua kwanza ndipo mnafikiri.

1. Ingia chini na tochi, spana iache kwenye boksi. Neno "inagota" halitoshi. Ni nini kimegusa nini? Stopa, ile raba ya chini ya chasisi inayoizuia ekseli isipande zaidi, kufika kwenye ekseli si kosa, ndiyo kazi iliyowekewa. Shokapu kuisha ndani, yaani kufungwa hadi mwisho wake, ni ugonjwa mwingine. Shakeli, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasisi, kulala hadi ikagonga chasisi ni mwingine. Tairi kubwa kugusa bodi ni mwingine. Hata lile jani nene la chini la mzigo, likianza kufanya kazi, hutoa mlio ambao mgeni huuita kugota. Vyuma vinavyogongana huacha alama: rangi imebanduka, tope limefutika mahali pamoja tu, pana kung'aa kama sarafu mpya. Tafuta hapo pa kung'aa.

2. Pima, na uandike. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Kuna fundi kijana aliyewahi kuniambia jicho lake linatosha. Tofauti ya milimita 20 upande mmoja jicho halioni, hasa kwenye sakafu yenye mteremko.

3. Shokapu ina urefu wa aina mbili: ikifunguka yote, na ikifungwa yote. Hapa mniwie radhi nikae kidogo.

Miaka mingi iliyopita nilinyanyua pikapu ya mzee mmoja aliyekuwa akisomba mazao. Niliweka springi ndefu zaidi, gari likapanda milimita 75, na nikafunga shokapu ndefu ili zisikatike gurudumu likining'inia. Nilizipima zikiwa zimefunguka zote, nikaona zinafika vizuri, nikaridhika. Zikiwa zimefungwa sikuzipima. Haikunijia kabisa kwamba kuna haja.

Mwezi haukuisha akarudi. "Fundi, ikibeba inagonga." Nikasema springi hazijazoea mzigo, nikamwongezea jani moja kila upande. Mlio ukapungua wiki mbili. Akarudi tena. Safari hiyo nilimwangalia usoni, mtu aliyenizidi umri kama baba yangu, nikamwambia mbele ya watu kwamba anapakia kupita kiasi, na asitarajie chuma kifanye miujiza. Hakubisha. Akaanza kugawa mzigo safari mbili, akichoma mafuta mara mbili, kwa sababu aliniamini.

Na bado iliendelea kugota, kwa kuwa tatizo halikuwa mzigo. Siku moja gari lililetwa likivutwa. Kishikio cha juu cha shokapu ya kulia kilikuwa kimeng'oka na kipande cha chasisi, shokapu inaning'inia, na mpira wa breki umechubuka karibu kukatika. Mzee alikuwa amemchukua mjukuu wake kwenye kiti cha mbele siku hiyo. Hawakuumia. Nilisikia hilo kwanza, ndipo nikaweza kuinama.

Kilichonionyesha kosa langu kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Ncha ya raba ya stopa, niliyoifunga mwenyewe miezi kadhaa nyuma, bado ilikuwa na kile kinywele cha mpira cha kiwandani, kama vile vilivyo kwenye tairi jipya. Gari lililokuwa likigota kila siku, na stopa yake haijaguswa hata mara moja. Bushi za shokapu, zile raba za kwenye ncha zake, kwa upande mwingine, zilikuwa na matundu yenye umbo la yai kwa kugandamizwa.

Nikapima nilichopaswa kupima siku ya kwanza. Pale stopa inapoanza kugusa ekseli, nafasi kati ya vishikio viwili vya shokapu ilikuwa milimita 375. Shokapu yangu ikifungwa yote ilikuwa milimita 400. Kwa hiyo ilikuwa inakwisha milimita 25 kabla raba haijagusa chochote. Uzito wote wa nyuma, kila tuta, ulikuwa unapokewa na shokapu, chuma kwa chuma, na juu yake kishikio chembamba ambacho hakikutengenezwa kubeba gari. Raba ile ikishaguswa hugandamizwa milimita 25 nyingine, nami nilitaka zibaki 10 za usalama, kwa hiyo ilibidi stopa ishuke milimita 60. Hesabu ya dakika mbili. Niliifanya baada ya chasisi kuchanika.

Nilimtengenezea bila malipo, nikamwomba radhi mbele ya vijana wale wale niliomsema mbele yao. Basi mkinisikia nafoka mtu anapomwambia mteja "unapakia mno" kabla ya kupima, mjue ninayemwona mbele yangu ni mzee yule.

Namna ya kupima: toa shokapu, weka gari kwenye stendi imara chini ya chasisi, nyanyua ekseli kwa jeki upande mmoja mpaka stopa iguse, kisha pima kishikio hadi kishikio. Springi zikiwa ngumu mno bila mzigo na jeki ikianza kuinua gari kwenye stendi, simama hapo, usilazimishe. Legeza pakiti ya springi ubakize jani kuu, ndipo upime.

4. Bloku si springi. Ukiweka bloku ya milimita 75 kati ya springi na ekseli, springi yenyewe haijabadilika, ila sasa ekseli iko mbali na stopa kwa milimita hizo 75. Maana yake springi itapinda kinyumenyume zaidi ya ilivyokusudiwa kabla stopa haijaizuia. Stopa ishuke kwa kiasi kile kile. Na bloku juu ya bloku, hapana, hata mteja akilia.

5. Mengine kwa ufupi. Funga kikamba cha plastiki cha nyaya kwenye fimbo ya shokapu, kisukume chini, peleka gari njiani. Kikirudi kimefika mwisho, una jibu: shokapu inaisha ndani. Yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zikishafunguliwa zibadilishwe, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Shakeli ndefu kwa milimita 50 inanyanyua kama 25 tu. Kunyanyua gari hakuongezi uzito linaoruhusiwa kubeba. Na ile valvu ya breki yenye mkono ulioshikwa kwenye ekseli, inayosoma mzigo kwa umbali wa ekseli na chasisi: usipoirekebisha baada ya kunyanyua, inadhani gari ni tupu daima, na breki za nyuma zinadhoofika.

Kuhusu pikapu ya wiki hii, niliwapa tochi na futi. Kulia ilikuwa sawa. Kushoto ilikuwa chini kwa milimita 22. Yule aliyesema springi zimechoka ndiye aliyeona alama, yenye ukubwa wa kidole gumba, pale shakeli ya kushoto ilipolala nyuma ikawa inapiga chasisi. Akafurahi, akasema si nilisema. Nikamwambia afungue yu-bolti za upande huo tu. Jani la tatu lilikuwa limevunjika karibu na sentabolti, ile bolti ya katikati inayoshikanisha majani, ufa wenyewe umejificha chini ya bati, una kutu ya muda mrefu. Kama tungeongeza majani pande zote mbili kama alivyotaka, gari lingepanda, mlio ungenyamaza, na lile jani lingebaki limevunjika mle ndani.

Alinyamaza akilishika kipande kimoja kila mkono. Kisha akaenda kumweleza mwenye gari mwenyewe, akamwonyesha ule ufa, na akamwita yule mwenzake aje aseme samahani ya mzigo.