Swali la lugha: Injini sambamba au injini zilizopishanishwa?

Msomaji wetu wa Mikindani, anayejifunza ufundi wa boti, anaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu boti za kasi zenye injini mbili. Anauliza kama neno "sambamba" linatosha kueleza namna injini hizo zinavyokaa, kwa kuwa katika baadhi ya boti injini moja huitangulia nyingine. Tena anauliza: tunaposema "injini ya kulia", ni kulia kwa nani?

Sambamba halitoshi. Vitu viwili vikiwa sambamba, mistari yake huenda pamoja bila kukutana, lakini neno lenyewe halisemi kama kimoja kimetangulia. Injini za boti hizi, ziwe zimekaa ubavu kwa ubavu au moja imesogezwa mbele, zote huelekea omo, yaani mbele ya chombo, kwa namna moja. Kwa hiyo mipango yote miwili ni sambamba, na fundi atakayesoma hatajua ni upi unaokusudiwa.

Mpango wa kwanza tuuite "ubavu kwa ubavu", basi. Wa pili unahitaji kueleweka kabla ya kupewa jina. Boti ya kasi ya baharini imechongoka chini kama herufi V, hivyo nafasi huzidi kuwa nyembamba kadiri unavyoukaribia mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na injini mbili pana haziwezi kuketi huko chini pamoja: ama zitatenganishwa na kuinuliwa, ama moja itatangulizwa mbele kidogo ili zibanane kwa karibu. Njia hii ya pili hushusha uzito na kuusogeza kwenye mstari wa kati, na pia huziweka rafadha mbili (mapanga yanayozunguka majini na kuisukuma boti) karibu karibu, zisitoke majini upesi boti inapolala kwenye kona. Gharama yake ni mhimili mrefu zaidi wa kufikisha nguvu ya injini ya mbele hadi tezi, yaani nyuma ya chombo.

Wapo watakaosema "injini zinazofuatana". Silikubali, kwa sababu vinavyofuatana huwa kimoja nyuma ya kingine, kama magari kwenye foleni. "Kupishana" linakaribia zaidi, ila lina nyuso mbili: basi la Masasi na la Lindi yakipishana Mnazi Mmoja, kila moja lina safari yake, lakini ndugu wakipishana miaka miwili, mmoja amemtangulia mwenzake kwa kiasi kinachojulikana. Maana tunayoitaka ni hii ya ndugu. Ili ile ya mabasi isijipenyeze, napendekeza "injini zilizopishanishwa", kwani umbo hilo la kitenzi linaonyesha kwamba mjenzi ndiye aliyezipanga hivyo kwa makusudi.

Kuhusu kulia, wazee wa vyombo vya tanga wangekupa goshini (upande upepo unakotoka) na demanini (upande upepo unakoelekea), maneno ninayoyapenda sana, lakini hayafai hapa kwa kuwa yanafuata upepo. Boti ikitoka Mtwara kwenda Kilwa wakati wa kusi, upepo wa kusini-mashariki, upepo huipiga kutoka upande wa kulia, na injini ya upande huo ingeitwa ya goshini. Ikirudi kwa upepo uleule, injini ileile ingekuwa ya demanini. Kulia kwa chombo, au kuume, ni kulia kwa mtu aliyesimama tezi akitazama omo, wala hakubadiliki fundi anapogeuka. Akichuchumaa ndani ya boti akitazama tezi, mkono wake wa kulia uko kwenye injini ya kushoto.

Sentensi hiyo ya kulia kwa chombo iandikwe mwanzoni kabisa mwa maelezo yako, kabla ya mchoro wowote. Rafadha za boti ya injini mbili kwa kawaida huzunguka kinyume, moja kulia na nyingine kushoto, ili mvuto wa ubavuni wa moja, unaoivuta tezi upande mmoja, ufutwe na wa mwenzake. Fundi akizibadilisha nafasi kwa kutoelewa kulia ni wapi, gia ya kwenda mbele itairudisha boti nyuma.