Maswali ya Wasomaji: Rifu Arobaini, Wimbo Mmoja

Barua za safari hii zimetoka kwa wanabendi wa metali ya progresivu (roki nzito yenye nyimbo ndefu na hesabu za mapigo zinazobadilika), Dodoma mjini na vijiji vya jirani. Karibu zote zinauliza kuhusu kurekodi, lakini majibu mengi yanaturudisha nyuma ya hapo, kwenye hesabu na maandalizi. Albamu ya muziki huu hutengemaa au huharibika kabla maiki haijawashwa.

Mbukwenyi wahariri. Tuko wanne na tuna rifu (vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia) zaidi ya arobaini kwenye simu, lakini kila wimbo tukiuunga unasikika kama vipande vya nyimbo tofauti. Mpiga dramu analalamika kuwa mita, yaani hesabu za mapigo, zinabadilika mno. Mpiga gitaa anasema hiyo ndiyo progresivu yenyewe. Nani mkosaji? – Mpiga besi, Nkuhungu

Mbukwa, ndugu yetu. Mpiga dramu kakaribia, ila ugonjwa wenu si mita. Rifu zenu hazina undugu. Wimbo wa dakika tisa hubebwa na rifu mbili, tatu zikizidi, na nyingine zote ni watoto wao: ileile iliyopunguzwa mwendo nusu, iliyohamishiwa kwenye besi, iliyopangwa upya mapigo yake, au iliyochezwa na gitaa safi lisilo na ukali. Sikilizeni hizo arobaini bila kushika ala. Kesho yake, rifu ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuiimba kwa mdomo ikae kabatini.

Zilizobaki zihesabuni. Namba tupu hazikai mwilini, saba hasa, kwa hiyo tumieni maneno. "Chai" ina silabi mbili, "mandazi" tatu. Rifu ya 7/8, yaani mapigo madogo saba kila mzunguko, iliyogawanyika 2+2+3 inakuwa chai-chai-mandazi. Ikiwa 3+2+2 ni mandazi-chai-chai. Tano ni chai-mandazi, na kumi na moja ni mandazi tatu kwa chai moja. Kila mtu aseme kwa sauti huku akipiga kofi mwanzoni mwa kila neno. Makofi yasipoanguka pamoja, msiwashe amplifaya. Ugomvi mwingi wa mazoezini huzaliwa hapo: mpiga gitaa katunga chai-chai-mandazi, mpiga dramu kasikia mandazi-chai-chai. Wote wanafika saba, kila mmoja anaapa yuko sahihi, na wimbo unaanguka.

Kuna namna nyingine ya kuiingiza saba, na ndiyo iliyowapa jina Meshuggah wa Uswidi. Gitaa na miguu ya mpiga dramu huzunguka katika hesabu isiyo ya kawaida, huku mkono wake wa kulia ukibaki kwenye 4/4. Msikilizaji anatikisa kichwa kwa nne bila kujua kinachopita chini yake. Hapa lazima mhesabu mapigo madogo, yale mawili yanayoingia ndani ya kila pigo la mguu. Baa moja (mzunguko mmoja wa hesabu) ya 4/4 ina mapigo madogo manane. Rifu ya saba ikiachwa izunguke yenyewe, itakutana tena na mwanzo wa baa baada ya mapigo madogo 56, yaani baa saba, na sehemu ya baa saba humwacha mwimbaji njiani. Kwa hiyo ikateni. Baa nane zina mapigo madogo 64. Rifu inaingia mara tisa, jumla 63, linabaki moja. Hilo moja lifanyeni kimya cha bendi nzima, au mkato mmoja wa pamoja. Mkitaka baa nne tu, rifu inaingia mara nne na yanabaki mapigo manne, nafasi inayotosha mpiga dramu kushuka na tomu (ngoma za kati za seti yake).

Kisha chora ramani, karatasi moja kwa kila wimbo: sehemu, idadi ya baa, mita, mwendo, nani anaingia na nani ananyamaza. Ramani inafichua mambo ambayo sikio la mtunzi limeyazoea. Kwa mwendo wa mapigo 140 kwa dakika, baa moja ya 7/8 inachukua sekunde 1.5. Kuizungusha mara 16 ni sekunde 24. Jumlisheni. Mkikuta dakika mbili na nusu zimepita kabla mwimbaji hajafungua kinywa, mmegundua bure, bila kulipia saa ya studio.

Ramani hiyohiyo iingizwe kwenye kompyuta iwe kliki, ule mlio wa kuongoza mapigo. Wengi huteleza kwa kuacha kliki ilie kwa pigo kubwa. Kwenye 7/8, baa ya kwanza italia juu ya mapigo, baa ya pili italia katikati yake, na mpiga dramu atatumia nguvu zake zote kuifukuza. Iwekeni ilie kwa mapigo madogo, na mlio wa juu zaidi uwe mwanzoni mwa kila kundi: chai, chai, mandazi.

Nina gitaa la kawaida la nyuzi sita. Nimeshusha uzi mnene kutoka E hadi B, sasa unalegea na sauti inakuwa tope. Pia kuna mvumo usioisha nikirekodi. Ninunue gitaa la nyuzi saba? – Mpiga gitaa, Kikuyu

Usinunue bado. Uzi wa E hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, B ya chini yake mara 62. Mkazo wa uzi hufuata mraba wa namba hizo, kwa hiyo uzi wako wa 46 (unene wake kwa sehemu za elfu za inchi) umebakiwa na asilimia 56 tu ya mkazo wake. Ndiyo maana unagonga freti, vile vyuma vya shingoni. Weka uzi wa 60 au 62, mkazo utarudi. Hautaingia kwenye ule mkato wa kichwani mwa shingo, kwa hiyo mkato upanuliwe kwa tupa nyembamba, taratibu, kwa upana tu. Ukichimba kwenda chini, uzi utagonga freti ya kwanza na itabidi ununue kipande kipya. Baada ya hapo linganisha sauti ya uzi ulio wazi na ile ya freti ya 12, usogeze tandiko la daraja hadi zikubaliane. Zile nyuzi nyingine tano nazo zinenepeshwe kwa kadiri zilivyoshushwa.

Uzi mnene ukipigwa kwa nguvu hupanda kidogo, kisha hushuka. Kwa rifu za mikato mifupi, tyuni kwa kuangalia ule mwanzo wa mlio, kwa nguvu zilezile utakazotumia kurekodi.

Kiangazi chetu nacho kinahusika. Kuanzia Juni hadi Novemba hewa ya Dodoma inakausha mbao, ubao wa shingo unasinyaa, ncha za freti zinachomoza na kukwaruza kiganja. Gitaa likae kwenye kasha lake pamoja na sponji yenye unyevu ndani ya kikopo cha sabuni kilichotobolewa. Unyevu, si maji yanayodondoka.

Kuhusu mvumo: chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Ukikatika, tatizo ni waya wa ardhi wa nyumba au chaja isiyo na ardhi, na vifaa vyote viingie kwenye soketi moja yenye ardhi nzuri. Usipokatika, geuka na gitaa polepole. Mvumo ukipungua ukielekea upande fulani, basi ni pikapu (sumaku ya gitaa inayonasa sauti ya nyuzi) inadaka umeme wa taa au transfoma ya karibu. Kaa upande huo.

Shikamooni. Tunataka kurekodi dramu wenyewe kwenye chumba chenye paa la bati. Kisanduku chetu cha kurekodia kina matundu manne tu. Inawezekana? – Mwanafunzi, UDOM

Marahaba. Inawezekana, na maiki nne zilizowekwa vizuri zinashinda kumi zilizotupwa ovyo. Moja ndani ya kiki (ngoma kubwa ya mguu), moja kwenye snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), mbili juu. Hizo za juu ndizo zinazobeba tomu na saimbali. Chukueni kamba, shikeni ncha moja katikati ya snea, mpime hadi kila maiki ya juu: umbali uwe sawasawa, kwa mfano sentimita 100 na 100. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Maiki moja ikiwa mbali zaidi kwa kiasi hicho, snea itafika mara mbili na mwili wake utapotea. Mkishamaliza, geuzeni alama (chanya iwe hasi) ya maiki ya snea kwenye programu, kisha msikilize zote pamoja. Upande unaotoa snea nene ndio sahihi.

Kiki mbili za haraka zinahitaji ukavu. Kwa mwendo wa 180, mapigo manne ndani ya kila pigo ni mateke 12 kwa sekunde, kila moja lina nafasi ya sehemu 83 za elfu za sekunde. Kiki inayovuma zaidi ya hapo inageuka ngurumo. Tieni mto ndani uguse ngozi zote mbili.

Chumba: blanketi nzito za mitumba, tabaka mbili, zikae sentimita tano hadi kumi kutoka ukutani badala ya kugandamizwa. Tundikeni nyingine chini ya dari juu ya dramu. Hazitazuia kelele za nje, hilo mlijue mapema; kazi yake ni kupunguza mwangwi. Kwa bati, ratiba ndiyo dawa. Msipange dramu kati ya Desemba na Aprili, msimu wa mvua, na Agosti rekodini asubuhi kabla upepo haujaanza kutikisa misumari.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo mzuri mtalia, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) iwe ya kompyuta na kisanduku tu, si ya feni.

Tumemwalika mzee apige ilimba (ala ya Kigogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) kwenye wimbo mmoja. Yeye peke yake anapendeza mno. Gitaa likiingia, linaumiza masikio. Programu inatuambia ilimba haikutyuniwa. Tumwombe mzee airekebishe? – Mwimbaji, Mvumi

Msithubutu, dada. Ilimba ya mzee iko sawa, gitaa lenu ndilo lenye maafikiano. Ngazi ya muziki wa Kigogo, ya ala na ya waimbaji, inafuata sauti za asili ambazo uzi mmoja huzitoa wenyewe ukiguswa kidogo kwenye theluthi, robo, sehemu ya tano, na kuendelea. Freti za gitaa zimegawanya oktavu vipande 12 vilivyo sawa. Njia hizo mbili zinakubaliana kwenye oktavu na karibu kabisa kwenye tano ya ngazi (do hadi so). Kwingine zinaachana: sauti ya tano ya asili, ile ya sehemu ya tano ya uzi (kwenye ngazi ni theluthi, do hadi mi), iko chini ya freti kwa senti 14, ya saba kwa senti 31, na senti 100 ndizo nusu toni nzima.

Chukulia mzizi wa ilimba ni mitetemo 220 kwa sekunde. Sauti yake ya saba, ikishushwa oktavu mbili, italia 385. Gitaa likicheza G, italia 392. Tofauti ni saba, kwa hiyo masikio yanasikia mtetemo mara saba kwa sekunde. Kwa gitaa safi mtetemo huo unavumilika, hata unapendeza. Ukipitisha mchanganyiko huo kwenye ukali wa amplifaya, kila tofauti inazaa sauti nyingine ya uongo, na hapo ndipo panapouma.

Bendi imfuate mzee. Mpate mzizi wa ilimba, kisha mbadilishe kipimo cha tyuna: badala ya 440 kiwe 434, 446 au chochote kinachofanya mzizi huo usomeke sawa. Gitaa, besi na kinanda vyote vihamie hapo. Gitaa lenye ukali licheze mzizi na tano tu, basi. Theluthi na saba aachiwe mzee na waimbaji. Mpiga gitaa akitaka kabisa kuigusa ile saba, ashushe uzi mnene hadi kwenye mzizi, kisha auguse kidogo bila kuubana mahali palipo theluthi mbili ya njia kutoka freti ya pili kwenda ya tatu. Hapo uzi unatoa sauti ya saba ya asili, ndugu wa damu wa ilimba. Sauti ya tano iko chini kidogo tu ya freti ya nne.

Kwenye kumiksi, msiipitishe ilimba kwenye programu ya kunyoosha sauti. Ule mvumo wa utando wa buibui kwenye ala si uchafu wa kusafishwa. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliupeleka majukwaa ya dunia ukiwa vilevile. Ila kompresa (programu ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) ikikazwa sana inaupandisha mvumo juu ya noti zenyewe, kwa hiyo ilegezeni.

Na kabla ya kurekodi, andikianeni na mzee: analipwa nini leo, na anapata sehemu gani wimbo ukiingiza fedha. Jina lake liende kwenye fomu ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kama mpigaji, na kama mtunzi pia ikiwa melodia ni yake. Ikiwa ni ya jadi, msiiandikishe kuwa yenu.

Tukiweka wimbo Spotify unasikika mdogo kuliko wa bendi za nje. Tuusukume zaidi kwenye masta? – Makole

Hapana. Spotify hushusha nyimbo hadi LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -14 hivi. Mkisukuma hadi -7, watawarudisha nyuma desibeli saba, na snea iliyokwisha bondwa haitafufuka. Kati ya -10 na -9, kilele kisivuke -1, panatosha kwa metali. Udogo mara nyingi unatoka kwenye magitaa: mmerekodi mara moja, mkanakili kushoto na kulia. Nakala mbili zinazofanana husikika kama gitaa moja katikati. Pigeni rifu upya kwa upande wa pili, na ukali muupunguze hadi mpige huku mkiona umepungua mno. Yakiwa mawili, utatosha.